Ukoo wa Malindi: Safari ya Iskandaria

Maryam: Assalaam alaykum wote. Shikamooni wakubwa. Tunatua Kairo tarehe 12 Novemba: mimi, Shangazi Zuhura na Bibi. Iskandaria tumeipa siku moja, twende alfajiri turudi usiku. Ami Nassor, Khalid, tupangieni.

Khalid: Waalaykum salaam. Dada, siku moja ni kuuonea mji. Treni ya haraka, ile Talgo, ni saa mbili na nusu hivi. Za kawaida ni saa tatu na zaidi. Kwenda na kurudi saa sita zimekwisha, na Bibi kashachoka kabla hajaona kitu. Laleni usiku mbili.

Ami Nassor: Marahaba Maryam. Khalid kasema kweli. Tena msiiweke mwisho wa safari. Wekeni mwanzo, tarehe 13 na 14. Wavuvi wa huko wana kalenda ya dhoruba za majira ya baridi, kila moja na jina lake na tarehe zake. Ya Maknasa huja karibu na tarehe 16 Novemba, upepo na mvua siku tatu nne. Ikipiga, mawimbi hupanda mpaka barabara ya ufukweni, na mitaa ya chini hujaa maji. Inaweza kuwahi au kuchelewa, basi siku ya kwanza malizeni mambo ya baharini, ya pili ndiyo ya ndani ya mji.

Shangazi Zuhura: Treni tunashukia wapi? Nasikia vituo viwili.

Khalid: Ndiyo Shangazi. Kwanza inasimama Sidi Gaber, halafu dakika chache mbele ni Mahattat Masr, mwisho wa reli. Wageni wengi hushuka Sidi Gaber kwa kuona watu wengi wanashuka. Mkilala upande wa Raml au Manshiya, kaeni mpaka mwisho. Mkilala Stanley au Smouha, hapo ndipo Sidi Gaber inawafaa. Tiketi kateni mapema kwa mtandao au dirishani kituo cha Ramses, Kairo, na pasipoti mkononi. Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi viti huisha.

Maryam: Na ndani ya mji?

Khalid: Teksi ni nyeusi na njano. Usitegemee mita, patana kabla ya kufungua mlango, au tumia programu ya simu upate bei mbele. Kwa Bibi hiyo programu ndiyo bora, dereva anakuja mlangoni. Microbus za ufukweni ni kama daladala zetu, unanyoosha mkono, unapitisha nauli mbele kwa abiria. Jifunzeni tarakimu za Kiarabu ٠ mpaka ٩ kabla ya kuondoka. Bei za sokoni, namba za mabehewa na viti vya treni, vyote vimeandikwa hivyo.

Ami Nassor: Kuvuka barabara ya ufukweni ni hatari kweli, magari hayapungui mwendo. Tafuteni njia za chini kwa chini. Pasipokuwapo, vukeni na wenyeji, Bibi awe upande usiotoka magari.

Shangazi Zuhura: Bibi anauliza kitu kimoja tu: kaburi la Imam Busiri, mtungaji wa Burda, ile kasida ya kumsifu Mtume, lipo huko kweli?

Ami Nassor: Lipo, mwambie afurahi. Msikiti wa Busiri uko mtaa wa Anfushi, unatazamana na msikiti wa Abul Abbas al-Mursi. Huyo al-Mursi, aliyetoka Murcia, Hispania, ndiye mwanafunzi mkubwa wa Abul Hasan al-Shadhili. Tarika ya Shadhiliya iliyoenea Ngazija na Unguja inapitia kwake. Alifariki 1287, lakini jengo mnaloliona sasa ni la karne ya 20, limechorwa na Mario Rossi, Mtaliana. Wanawake wana sehemu yao. Ngazi za nje ni nyingi, Bibi ashikwe mkono. Na muwe na noti ndogondogo za mlinzi wa viatu.

Maryam: MashaAllah. Kwa hiyo siku ya kwanza tuanzie hapo?

Ami Nassor: Anzeni ngome ya Qaitbay, mlango ukifunguliwa tu. Mabasi ya watalii wa Kairo huanza kuingia kuanzia saa nne, na vyumba vya ndani ni vyembamba. Ngome ilijengwa 1477 hadi 1479, pale pale uliposimama Mnara wa Pharos, mnara wa taa wa kale wa kuongozea meli, uliozidi mita 100. Matetemeko ya 1303 na 1323 yaliuharibu vibaya. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita 1326 alikuta upande mmoja umebomoka. Aliporudi 1349 hakuweza hata kuingia. Katikati ya safari hizo mbili ndipo alipofika Mombasa na Kilwa, mwaka 1331. Mimi kwangu hilo peke yake linatosha kusimama pale dakika kumi.

Khalid: Mnara wenyewe haukupotea wote. Wapiga mbizi wa Jean-Yves Empereur, mtafiti Mfaransa wa mambo ya kale, walianza 1994 kuorodhesha mawe yake chini ya maji, kando ya ngome. Kutoka juu huyaoni, msimlipe mtu anayedai kukuonyesha.

Ngome haina lifti. Bibi abaki uwanja wa chini, bahari anaiona vizuri. Achukue kizibao, upepo haukatiki.

Ami Nassor: Kutoka hapo rudini Anfushi taratibu, mpite wanapounda vyombo vya mbao. Mtu wa pwani atapenda kuona mataruma yakipachikwa. Kamera zisielekezwe Ras el-Tin, kuna kasri la serikali na jeshi la majini.

Shangazi Zuhura: Chakula sasa!

Khalid: Samaki Anfushi, Shangazi, adhuhuri baada ya msikiti. Unachagua mwenyewe kwenye barafu: macho yawe angavu, mashavu mekundu. Uliza bei ya kilo, kisha uliza kama kusafisha na kuchoma vimo ndani ya bei hiyo. Hapo ndipo ugomvi wa bili unapoanza. Apimwe mbele yako. Nusu kilo mbichi kwa mtu inatosha, maana saladi na mkate huja vyenyewe na huenda mkalipishwa.

Mapishi mawili: *singari*, anapasuliwa, anafunuliwa, anatandazwa vitunguu, nyanya na pilipili hoho, na *radda*, anapakwa pumba za ngano akachomwa mzima. Radda ni ya mkizi, mafuta yake hayapotei. Wali wa *sayadiya* ni wa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia. Asubuhi kuleni ful, maharage yao ya kupika, na usiku maini ya Kiiskandaria, ya thomu, bizari nyembamba na pilipili.

Maryam: Siku ya pili?

Ami Nassor: Asubuhi Kom el Shoqafa, makaburi ya chini ya ardhi ya karne ya 2. Ngazi 99 za mzunguko, katikati yake kisima cha kuteremshia maiti kwa kamba. Tazameni Anubis, mungu wa wafu wa Wamisri wa kale, aliyevishwa kama askari wa Kirumi: Misri, Ugiriki na Roma kwenye ukuta mmoja. Maji ya ardhini yalikuwa yakiyaharibu mpaka ulipokamilika mradi wa kuyavuta, 2019. Unyevu bado upo, vaeni viatu visivyoteleza. Bibi asishuke. Nguzo ya granite nyekundu ya Aswan, karibu mita 27, iko jirani. Wageni wanaiita ya Pompey, lakini ilisimamishwa kwa heshima ya Diocletian, mfalme wa Roma.

Halafu jumba la mambo ya kale ya Kigiriki na Kirumi, lililofunguliwa tena Oktoba 2023 baada ya kufungwa tangu 2005. Hapo Bibi ataingia. Mvua ikija mapema, mtakuwa ndani.

Khalid: Maktaba mpya ya 2002 iwe alasiri. Ukuta wa nje umechongwa herufi za maandishi kama 120 ya dunia. Mabegi makubwa hayaingii, na jumba la miswada lina tiketi yake. Ijumaa saa zake si za kawaida, tazameni tovuti siku moja kabla.

Na kadi ya benki lazima. Maeneo mengi ya mambo ya kale hayapokei tena fedha taslimu. Mwambie benki kadi ifunguliwe kwa Misri kabla hujaondoka, vinginevyo itakataa dirishani.

Shangazi Zuhura: Hoteli nimeona ya Raml, bei nzuri, inatazama bahari.

Khalid: Majengo ya pale ni ya zamani, Shangazi, na mapokezi mara nyingi yako ghorofa ya nne au ya sita. Wapigie leo, uliza mambo matatu: lifti inafanya kazi, maji ya moto yapo Novemba, na chumba kiko upande gani. Cha mbele honi hazilali usiku kucha. Kwa Bibi omba cha ubavuni.

Shangazi Zuhura: Napiga sasa hivi.