Kirikuu kwa mizigo ya Mtwara, Newala na Masasi: ipi ninunue, na nini kinaiua?

Kitangari_Kwetu

Wakuu, salaam. Natafuta kirikuu ya kazi, yaani kile kigari kidogo cha mizigo cha Suzuki, Carry. Msimu wa korosho itabeba magunia kutoka vijiji vya Tandahimba na Newala kwenda ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Nje ya msimu itabeba samaki wa barafu kutoka Mikindani na Msimbati kwenda Masasi. Njia ni lami kiasi, mchanga mwingi, na mlima wa kupanda Newala mnaujua.

Maswali yangu:

Hawa Suzuki ni kampuni ya magari kweli au ni ya pikipiki? Kijiweni wanabishana kila siku.

Kuna Carry za namba ya chesisi DA63T na kuna DA16T. Tofauti ni nini kwa mtu wa mizigo?

Naona Nissan Clipper, Mazda Scrum na Mitsubishi Minicab zinafanana nayo kama pacha. Spea zinaingiliana?

Halafu nini hasa kinaziua? Nyingi naona zimelala gereji, injini chini.

---

Spana_Kumi

Kijiweni wote wamekosa. Suzuki ilianza na mitambo ya kufumia nguo. Michio Suzuki alifungua karakana yake Hamamatsu mwaka 1909, na kwa miaka mingi biashara ilikuwa ni hiyo. Mwaka 1952 walitoa baiskeli yenye injini ya cc 36, ikiitwa Power Free. Mwaka 1954 jina la kampuni likabadilishwa kuwa la magari, na 1955 ikatoka Suzulight, gari dogo la cc 360. Carry ya kwanza ni ya 1961, mwaka uleule wa Uhuru wa Tanganyika. Kwa hiyo unayoiita kirikuu ni ukoo mzee kuliko Jimny, iliyokuja 1970.

Udogo wake unatokana na sheria ya Japani. Kuna daraja la magari madogo yanayoitwa kei, yenye nafuu ya kodi. Kuanzia 1955 injini ilikuwa mwisho cc 360, 1976 ikapandishwa hadi 550, 1990 ikawa 660 na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Tangu 1998 urefu mwisho mita 3.40, upana 1.48, kimo 2.00. Na hiki ndicho cha kwako: mzigo mwisho kilo 350. Shika hiyo namba, tutairudia.

Sasa namba za chesisi. Herufi T mwishoni ni ya bodi wazi, V ni ya kigari kilichofunikwa (Every). DA63T ina injini ya K6A, silinda 3, cc 658, cheni ya taimingi badala ya mkanda. DA16T ilianza 2013, injini ni R06A, nayo silinda 3, cc 658, cheni vilevile. R06A ina pistoni nyembamba zaidi na mwendo wake ni mrefu, milimita 64.0 kwa 68.2, wakati K6A ni 68.0 kwa 60.4. Usikubali kuuziwa pistoni au ringi za moja kwa ajili ya nyingine kwa sababu tu "zote ni za 660".

Kuhusu pacha, hapa watu wanapigwa. Mazda Scrum ya bodi ni Carry kabisa: DG63T ni DA63T, DG16T ni DA16T. Nissan Clipper ina zama mbili. Ya zamani, U71T na U72T, ni Minicab ya Mitsubishi, injini 3G83, ya mkanda wala si cheni, haina uhusiano na Suzuki hata kwa nati moja. Ya kuanzia mwisho wa 2013, DR16T, ni Carry. Mitsubishi wenyewe waliacha kuunda Minicab ya petroli ya kwao, na kuanzia 2014 Minicab DS16T nayo ni Carry. Ukienda dukani usiseme "nipe klachi ya Clipper". Taja namba ya chesisi.

Kuna nyingine ya Uhindi inaitwa Super Carry. Jina moja, gari jingine, injini kubwa zaidi. Spea zake usiziguse.

---

Rejeta_Safi

Swali la nne ndilo lenye pesa. Kirikuu inakufa kwa maji ya kupozea injini kabla haijafa kwa kitu kingine chochote.

Angalia ilivyojengwa. Rejeta iko mbele puani, injini iko chini ya viti, maji yanasafiri kwenye mipira na mabomba ya chini ya sakafu kwenda na kurudi. Safari hiyo ndefu ina maungio mengi, na kila ungio ni mahali pa kuvuja. Injini nzima ni aluminiamu, bloku na silinda hedi. Ikichemka mara moja sawasawa, hedi inapinda na gasketi inaachia. Na kwa kuwa injini umeikalia, huioni. Mtu anajaza mafuta wiki nzima bila kuinua kiti.

DA16T haina mshale wa joto. Kuna taa tu: bluu injini ikiwa baridi, nyekundu joto likizidi. Ukiiona nyekundu huna dakika tano za kutafuta kivuli. Paki, zima, usifungue kizibo, usimwagie maji baridi. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike kwa mkono bila kuungua.

Kujaza maji kwenyewe ni kazi ambayo mafundi wengi wa njiani wanaikosea, wanaacha hewa ndani. Fanya hivi:

Injini ikiwa baridi kabisa, mwaga ya zamani, suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe. Changanya kulanti nzito nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, yale ya betri yasiyo na asidi, soma chupa. Maji ya bomba au ya kisima cha pwani yana chumvi, yanakula mabomba na pampu kutoka ndani. Paki gari pua ikiwa juu kwenye mwinuko. Weka kitufe cha hita kwenye joto la mwisho. Najua Mtwara hakuna anayewasha hita, lakini maji yanapita humo na hewa inajificha humo. Jaza taratibu, washa, acha injini isailensi, yaani ingurume yenyewe bila kukanyaga mafuta, kizibo kikiwa wazi. Minyaminya mpira wa juu. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza. Endelea mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Funga, zima, acha ipoe, ongeza tena, na kitenki cha akiba kiwe katikati ya mistari miwili.

Mapovu yasipokwisha hata baada ya feni kuwaka mara ya tatu, hiyo si hewa ya kujazia. Ni gasketi, moshi wa silinda unaingia kwenye maji.

Kipimo kingine cha bure: injini ikiwa ya moto, washa hita. Ikipuliza baridi, maji hayafiki, ama yamepungua ama kuna hewa. Ukikuta mipira ya hita imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, jua gari limeshavuja huko na mwenyewe amekwepa.

Na ile tabia ya kutoa thamostati (vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata joto) "ili ipoe" iacheni. Injini inakimbia baridi, inakula mafuta, oili inafanya ute, na mlimani bado itachemka, kwa sababu tatizo lilikuwa rejeta iliyoziba au feni iliyokufa.

---

Msafiri_wa_Mnazi_Mmoja

Chukua Hijet ya Daihatsu, achana na hayo.

---

Rejeta_Safi

Mkuu, Hijet nayo ni kei, nayo kilo 350, nayo injini umeikalia. Unabadilisha jina la ugonjwa tu. Kwa mtu wa Newala bora anunue ambayo fundi wake anaijua na jirani anayo ya kukopeshana koili.

---

Nanga_Mikindani

Niongeze upande wa bahari, maana hapo kwenye samaki nimeona hatari.

Chumvi ya hewa peke yake ni ya polepole. Kinachoitafuna kirikuu ni maji ya barafu ya samaki. Yanatiririka kutoka kwenye bodi, yanaingia kwenye mwanya kati ya bodi na kabini, yanadondokea juu ya chesisi na mabomba ya breki. Beba samaki kwenye makasha yenye mfuniko na bomba moja la kutolea maji, lielekezwe nyuma nje ya bodi. Turubai chini ya makasha halisaidii, linashika maji yakae. Jioni ileile mwagia chini kwa maji yasiyo na chumvi, mvungu mzima, hasa vishikio vya springi za nyuma na ndani ya matao ya magurudumu. Asubuhi ni kuchelewa.

Kabla hujanunua, ingia mvunguni na bisibisi. Gongagonga chesisi nyuma ya kabini mpaka mwisho. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti butu, na bisibisi inazama au inatoa maganda. Inua mazulia ya miguuni. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote, juzijuzi, bila hata vumbi, ni ya kukwanguliwa kidogo uone kilichofichwa.

Ukiagiza Japani, soma karatasi ya mnada. S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Gari za mikoa ya theluji kama Hokkaido zinaendeshwa kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, kwa hiyo usishangae gari la kilomita chache lenye mvungu wa meli ya zamani.

---

Kitangari_Kwetu

Nashukuru wakuu, hii ni shule. Maswali mawili: 4WD (ya kuvuta kwa magurudumu yote manne) inafaa kwa mchanga wetu? Na kiukweli, magunia mangapi? Naona wenzangu wanapanga kumi na gari linakwenda.

---

Spana_Kumi

Linakwenda, ndiyo. Gunia la korosho ghafi likishindiliwa kilo 80, manne ni kilo 320. La tano ni 400, umeshavuka. Kumi ni kilo 800, yaani umepakia gari zima juu ya gari, maana kirikuu yenyewe tupu haifiki hapo.

Watu wanaongeza jani la springi wanadhani wameongeza uwezo. Jani linazuia bodi isikae chini, basi. Beringi za magurudumu, breki za nyuma, klachi na injini ya nguvu za farasi 50 hivi ni zilezile. Tena ukirudi tupu, springi ngumu inaruka, tairi la nyuma linapoteza mshiko na kuchimba mchanga. Nenda safari mbili za magunia manne, au tafuta Canter msimu ule.

Tairi ni 145R12, na lazima ziwe za mizigo, zenye maandishi ya 6PR au LT. Za gari ndogo zinaingia vizuri tu kwenye rimu, kisha zinapasuka ubavuni. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni. Ukinasa kwenye mchanga teremsha mpaka kama PSI 20, toka polepole bila kuzungusha tairi, na ukifika lami jaza kabla ya kuendelea.

4WD inafaa. Ila ni ya kuwasha na kuzima, haina difu ya katikati. Mchanga na tope, washa. Lami kavu, zima, la sivyo inajikaza na kutafuna gia za ndani. Ukikagua, pinda usukani mpaka mwisho kila upande utazame mpira wa mviringo kwenye shafti za mbele. Ukiwa umechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu, mchanga umeshaingia kwenye joinzi, hesabu shafti kwenye bei.

Oili: 5W-30, au 10W-30 kwa joto letu, karibu lita 3. Usimimine kwa kukariri, kijiti cha kupimia ndicho mwamuzi. Kwa kazi ya mzigo na vumbi badilisha kila kilomita 4,000. Cheni ya K6A haibadilishwi kwa ratiba kama mkanda, lakini kikaza cheni kinategemea presha ya oili. Ukiwasha asubuhi ukasikia mlio wa mnyororo wa baiskeli sekunde chache kisha ukatulia, oili ilicheleweshwa mno na cheni imelegea. Kwa hiyo nenda kuikagua gari ikiwa baridi. Muuzaji akikupokea injini imeshawashwa, mwambie utarudi kesho.

---

Kitangari_Kwetu

Kuna DA16T moja nimeiona bei nzuri, muuzaji anasema ni "otomatiki ya kisasa", haina pedali ya klachi.

---

Rejeta_Safi

Hiyo ni 5AGS, ilianza 2014. Si otomatiki ya kawaida. Ni gia boksi ya manyuo yenye klachi ileile, ila kuna mtambo unaokanyaga klachi na kubadili gia badala ya mguu wako. Mtambo ukigoma unahitaji mashine ya kusomea na mtu anayeijua, na klachi ikibadilishwa mfumo lazima ufundishwe upya. Kwa Tandahimba chukua manyuo ya gia 5. Bei nzuri hiyo ina sababu yake.

Ukipata ya manyuo, ipandishe mlima kabla ya kulipa. Usisubiri ikwame, shusha gia ya pili mapema, hita ikiwa imezimwa, AC imewashwa kama ipo. Ukifika juu paki, acha isailensi dakika 10, inua kiti, sikiliza feni kama imewaka, kisha pitisha tochi kwenye maungio ya mipira. Weupe uliokauka kama unga kwenye ungio ni mahali maji yalipokuwa yakitoka.