Naomba ushauri: psykhe tuiite nafsi, roho au uhai?

Wakuu, habari za jioni. Naandaa muhtasari wa Plato na Aristotle, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa kikundi cha kusoma hapa Dar, kurasa nne tu, na istilahi zinanikwamisha.

Gumu kuliko yote ni psykhe, neno la Kigiriki kwa kile kinachokifanya kiumbe kiwe hai. Ukiandika "roho", msomaji anawaza ibada na ahera papo hapo. "Nafsi" inamkaa vizuri Plato, anayeigawa sehemu tatu: akili, thumos (ile ghadhabu na ujasiri ndani ya mtu) na tamaa. Ila Aristotle anasema hata mmea una psykhe, kwa kuwa unajilisha na kukua. Nafsi ya mchicha? Hapo watacheka. "Uhai" unauokoa mchicha lakini unampunja binadamu, maana kufikiri kunabaki nje.

Thumos nayo nikiiita "hasira" inageuka dhambi, wakati kwa Plato ndiyo inayoisaidia akili kuzidhibiti tamaa. Naelekea "moyo", kama katika "jipe moyo".

Upande wa sanaa ni nafuu. Mimesis ni "uigaji", na vile vitanda vitatu vya Plato nimevihamishia Keko, kwa mafundi samani wa hapa Dar: kitanda chenyewe kama wazo, cha fundi seremala, na cha mchoraji anayeiga cha fundi kwa upande mmoja tu. Katharsis, yaani tamthilia kusafisha hisia za mtazamaji, nimeandika "utakaso", ingawa unanukia ubani. (Maana yake ya kitabibu ni kuharisha, hiyo tuiache.)

Je, nishike "nafsi" kote na kuweka tanbihi kwenye mchicha, au kila mwanafalsafa apewe neno lake? Nikitenganisha, nahofia msomaji hataona kwamba wanabishania kitu kimoja.