Bastola yetu inaonekana toi kabisa, tutumie ya kweli na risasi baridi?

vilaza_wawili:
Wakuu naombeni ushauri. Tunashuti filamu fupi, komedi ya mauaji, zile unacheka halafu unajishangaa umecheka nini. Majambazi wawili vilaza wanagombania bastola ndani ya gari, inafyatuka, inampata mtu asiyehusika kabisa. Shida bastola tuliyonayo ni ya plastiki, ukisogeza kamera ule mstari wa kuungia unaonekana na jamaa anaishika kama rimoti ya tivii. Haitishi, na kama haitishi hakuna wa kucheka. Kuna mwana anasema tutafute ya kweli tuweke risasi baridi, zile za baruti tupu hazina kichwa. Mnasemaje?

mzee_wa_teki:
Ndani ya gari?? Achana na hilo wazo mkuu. Risasi baridi inatoa gesi ya moto pamoja na kile kizibo cha baruti, na kwa karibu inaua. Mwaka 1984 mwigizaji Jon-Erik Hexum alikuwa anasubiri kushuti akajiwekea rivolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, kichwani kwa utani tu, akafyatua, ilikuwa baridi hiyohiyo, fuvu likapasuka na baada ya siku chache akafa. Sasa kwenye seti ya komedi watu si wanataniana kutwa nzima.

popcorn_baridi:
Mnamtisha bure bana. Wenzetu wametumia miaka na miaka, wanaelekeza mtutu pembeni ya mtu halafu pembe ya kamera inadanganya. Na ule mshtuko wa usoni ukisikia mlio wa kweli hauigiziki.

mzee_wa_teki:
Hao wenzetu wana mtu wa silaha kazi yake hiyo tu, na bado mpiga picha Halyna Hutchins alikufa kwenye seti ya filamu ya Rust 2021 kwa sababu risasi ya moto iliingia kwenye bastola, msimamizi wa silaha akafungwa miezi 18. Mwigizaji Brandon Lee 1993 ndo usiseme, kichwa cha risasi ya maonyesho, ile isiyo na baruti ya kuonyesha tu kwenye kamera, kilibaki kimekwama kwenye mtutu bila mtu kukagua, ikaja kupigwa baridi ikakisukuma, kikamuua.

dada_props:
Tumieni hiyohiyo ya plastiki. Ule mstari usugue kwa msasa, piga rangi nyeusi isiyong'aa, halafu pembeni pembeni paka unga wa penseli inaonekana chuma kilichochakaa. Ndani jaza vile vizito vya madini ya risasi vya kuvulia samaki, ikiwa nzito mkono wenyewe utashuka, hatashika tena kama rimoti 😂 Moto wa mtutu weka kwenye editi, fremu moja inatosha, na mtu awashe taa ya ghafla nje ya kioo ili mwanga upige kwenye nyuso. Kicheko kipo kwa wale waliobaki hai, masikio yanavuma, hakuna anayetaka kugeuka nyuma kuangalia. Na kabla hamjaanza waambieni polisi na majirani jamani, wao hawajui kama ni toi.

vilaza_wawili:
Dah asante sana dada. Ila ile slaidi ya juu si inatakiwa irudi nyuma na ganda liruke?

dada_props:
Badilisha iwe rivolva, haina slaidi wala haitemi ganda.