Kimono kazini Japani: tatizo ni vazi au masharti?

Wadau, kuna hoja naisikia kila mara: kimono, vazi refu la asili la Kijapani, kwa Mjapani wa leo ni ya harusi na sherehe, na anayetaka kwenda nayo ofisini anaigiza tu. Naipinga kabisa.

Wajapani waliuza maduka, walipika na kuandika hesabu wakiwa ndani ya kimono karne na karne. Mikono mipana ya vazi ikiwasumbua, waliifunga kwa kamba iitwayo tasuki, inayopishana mgongoni, kazi ikaendelea. Suti ndiyo iliyokuja kwa amri. Mwaka 1872, enzi za mfalme Meiji, serikali iliyafanya mavazi ya Kizungu kuwa rasmi kwa hafla za dola. Kwa hiyo hata hilo vazi la ofisini mnalolitetea lilipitia mlango wa sherehe.

Kilichoiondoa kimono kazini, kwa maoni yangu, ni masharti. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wauzaji waliegemea hariri ya bei ghali, na kanuni zikazidi: kitambaa hiki majira haya, obi (mshipi wa kiunoni) ile hafla ile. Watu wakaanza kulipia masomo ya kujifunga nguo waliyoivaa bibi zao kila asubuhi. Wapo mpaka wanaomsimamisha msichana njiani asiyemjua, wamkosoe mkunjo wa obi. Wajapani wenyewe wanawaita polisi wa kimono. Nani atathubutu kuivaa Jumanne ya kawaida?

Najua obi pana ya wanawake hubana mbavu, na mwendesha baiskeli atapata shida. Anayesimamia mashine inayozunguka asiivae kabisa, hapo sibishani. Lakini wanamieleka wa sumo hupanda treni na yukata, yaani kimono nyepesi ya pamba, na wachezaji wa shogi, mchezo wa Kijapani unaofanana na sataranji, hushindana siku mbili mfululizo kuwania mataji wakiwa na kimono na hakama, suruali pana ya kuvaa juu yake. Ile ni kazi yao.

Na ofisi hubadilika zikitaka. Mwaka 2005 serikali iliwahimiza wafanyakazi wavue tai na koti wakati wa joto, ili viyoyozi visishushwe chini ya nyuzi 28. Leo hakuna anayeshangaa.

Mnaopinga nijibuni hili: mhasibu wa Osaka akinunua kimono ya pamba ya mtumba, ya kufua nyumbani, akajifunga obi nyembamba na kukaa mezani kwake kwa muda wa saa nane, ni kazi gani itakayokwama?