Picha ya mama imekuwa kijivu nusu, nihamie mfumo gani wa faili?

binti_wa_pili
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri maana hili jambo limeniumiza kweli. Nina hadidiski ya nje ya 2TB ndo nimeweka kila kitu, picha za miaka yote, skani za vyeti, video za watoto wakiwa wadogo. Juzi nafungua picha ya marehemu mama, amegeuka anacheka, sura iko safi kabisa lakini kuanzia kidevuni kushuka chini ni kijivu tupu. Kompyuta haijalalamika hata kidogo, saizi ya faili ni ile ile, tarehe ile ile. Nikakimbilia bakapu nako hivyo hivyo, kwa sababu kila mwezi huwa nafuta foda lote la bakapu nakopi upya, kwa hiyo picha mbovu nimeikopi kwa mkono wangu mwenyewe.

Diski nimeifomati kwa mfumo wa faili (namna diski inavyopanga faili) wa exFAT kwa sababu laptopu yangu ni Linux na saa nyingine naichomeka kwenye Windows. Nimesoma huku na huku nimechanganyikiwa, mara ext4, mara NTFS, mara Btrfs, mara ZFS. Mimi nataka kitu kimoja tu, faili nikiiweka leo niikute vile vile baada ya miaka 20. Nichukue ipi?

fundi_diski
Pole sana dada. Ondoka kwenye exFAT. Ile ilitoka 2006 kwa ajili ya flashi na memori kadi, kazi yake kubwa ilikuwa kuvuka kikomo cha FAT32 ambayo inagoma faili ikifika 4GB, na haina jenali. Jenali ni kama daftari la pembeni, mfumo kabla haujagusa kitu unaandika kwanza unataka kufanya nini, sasa umeme ukikatika katikati ukiwaka tena unasoma daftari unamalizia au unaachana nacho. NTFS inalo tangu 1993, ext4 inalo. Kama Linux ndo ya kila siku weka ext4 ulale usingizi.

seva_ya_usiku
Mkuu hapo kwenye "ulale usingizi" ndo sikubaliani, na nasema kwa heshima maana mtu anaweza kupoteza vitu vyake kwa hilo neno. Jenali ya ext4 kwa kawaida inalinda mpangilio wa diski, yaani majina, mafoda, faili gani iko wapi. Yaliyomo ndani ya faili hailindi. Baiti za picha zikibadilika zenyewe, ext4 itakupa zile zilizoharibika bila neno, NTFS vile vile, hata APFS ya Apple ina chekisamu (namba za kukagua kama data imebadilika) za metadeta tu, yaani za huo mpangilio. Zinazokagua data yenyewe kila inaposomwa ni ZFS, iliyotoka Sun Microsystems mwaka 2005, na Btrfs iliyoingia kwenye Linux 2009.

Lakini dada kabla hujafomati chochote fanya hivi, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) andika xxd, amri ya kuonyesha baiti za faili, halafu jina la hiyo picha, kisha | tail, utuambie mistari ya mwisho inaonyesha nini.

binti_wa_pili
Nimefanya. Ni sifuri tupu, 0000 0000 0000 mpaka mwisho wa faili. Nimejaribu kwa picha nzima nyingine yenyewe inaishia na ffd9.

seva_ya_usiku
Asante, basi jibu ni hilo. JPEG nzima huanza na ffd8 na huishia na ffd9. Yako imejaa sifuri kuanzia mahali fulani hadi mwisho, na data ikioza huwa haiozi kwa unadhifu namna hiyo, ungekuta baiti chache zimebadilika katikati. Kwa ninavyoona hiyo ni kopi ambayo haikumalizika. Unapokopi, data inakaa kwanza kwenye RAM halafu ndo inateremshwa kwenye diski taratibu, kile kimstari cha kopi kinaweza kuisha wakati data bado iko njiani, ukichomoa waya hapo unabaki na faili yenye jina na saizi kamili lakini tumbo tupu. Huwa unafanya eject, yaani kuiambia kompyuta iitoe diski salama, kabla ya kuchomoa?

binti_wa_pili
Mara nyingi hapana jamani. Nikiona imeandika imemaliza nachomoa.

mtunza_albamu
Dada usijilaumu, wengi tunajifunza hivyo hivyo. Ila mkuu hapo juu amegusa jambo ambalo watu wanaopigia debe ZFS huwa hawalisemi, kwamba chekisamu inathibitisha kile kilichoandikwa, kama kilichoandikwa ni nusu, nayo itakutunzia nusu yako kwa uaminifu miaka yote 20. Kwa hiyo hata ungekuwa nayo, kwa kosa hili isingekuokoa.

Mimi ningekushauri Btrfs kwa sababu uko Linux na huhitaji kuongeza kitu. Kwenye diski moja inagundua uharibifu ila haina kopi ya pili ya kurekebishia, labda uifomati na -d dup, hapo kila kitu kinaandikwa mara mbili na nafasi inabaki nusu, 2TB inakuwa kama 1TB. Ukiwa na diski mbili tumia raid1, yaani kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili, ikikuta ubovu inachukua kopi nzima inatengeneza ile mbovu yenyewe. Raid5 na raid6 za Btrfs, mipangilio mingine ya diski nyingi, ziache, umeme ukikatika zina udhaifu unaojulikana. Na faida ninayoipenda mimi kuliko zote, ikikuta chekisamu hailingani na haina kopi nyingine inakataa kusoma, inakupa erro. Watu wanaona ni usumbufu, kumbe ndo inakuzuia kukopi ubovu juu ya bakapu nzima.

Tatizo Windows haiisomi yenyewe. Hiyo diski isiende Windows tena, ukitaka kupeleka kitu tumia flashi ya exFAT, iwe ya kubebea tu, nyumbani kwa faili pasiwe huko.

Halafu, na hili ni zaidi ya mfumo wowote, kabla ya kukopi tengeneza orodha ya sha256sum (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo ndani ya faili) ya faili zote, hiyo orodha iweke nje ya foda lenyewe. Ukishakopi fanya eject, chomeka tena, ndo ukague kwa sha256sum -c. Ukikagua bila kuchomoa unaweza kuwa unasoma RAM ukadhani unasoma diski. Na bakapu usiifute tena! Weka mpya pembeni ya ya zamani, ya zamani iondoke baada ya mpya kukaguliwa.

fundi_diski
Nimekubali, hilo la kuchomoa kwanza ndo ukague sikuwahi kulifikiria. Dada, ile simu au kamera iliyopiga hiyo picha bado unayo?

binti_wa_pili
Wakuu narudi na habari. Simu ilishakufa ila memori kadi yake ilikuwa kwenye droo, nimeipata. Nimeipiga xxd kwanza kabla hata ya kuifungua, mwisho ffd9. Nimefungua, mama yupo mzima, mpaka mikono yake iliyokunjwa mapajani ambayo nilikuwa nimeshaisahau.

Nimenunua diski ya pili, nimefomati zote mbili Btrfs raid1. Kopi imesema imeisha, nikafanya eject, imekaa karibu dakika nzima ndo ikaniambia naweza kuchomoa. Hiyo dakika ndo nilikuwa naikata miaka yote. Orodha ya sha256sum imelingana yote, ila kati ya faili zilizotoka kwenye diski ya zamani nimekuta nyingine 11 zinazoishia na sifuri, naendelea kuzitafuta. Scrub, ule ukaguzi wa data yote kwenye diski, nimeiweka iwe kila mwezi, inatosha?

seva_ya_usiku
Inatosha kabisa. Ikimaliza usome matokeo yake, btrfs scrub status, ikionyesha makosa hata moja angalia nyaya na RAM kabla hujailaumu diski. Na hiyo raid1 isikufanye uache bakapu, ukifuta faili kwa bahati mbaya inafutika kwenye diski zote mbili sekunde ile ile. Ile kadi nayo itoe kwenye droo, kopi kila kilichomo leo leo.