Darubini ipi inafaa kupigia picha za nyota kwa bajeti ya laki nane?

Mkazi_wa_Kati:
Wakuu, salaam. Ninaishi pembezoni mwa Dodoma, ambako kuanzia Mei hadi Oktoba mawingu huwa machache na nyota huonekana vizuri mno. Ninayo kamera ya Canon 600D pamoja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na nimetenga shilingi laki nane za kununulia darubini ili nianze kupiga picha za anga, hasa nebula ya Carina (wingu la gesi na vumbi angani), Wingu Kubwa la Magellan (galaksi jirani) na kitovu cha Njia ya Maziwa. Dukani nimeoneshwa darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale taswira inapojiunda) wa milimita 900, ikiwa na stendi yake, na muuzaji ananihakikishia kwamba inakuza mara 675. Je, niichukue?

Lenzi_Kuukuu:
Kwa kazi uliyoitaja, mkuu, usiichukue. Hiyo namba 675 iache hapo hapo dukani, kwa sababu kioo cha milimita 114 hakiwezi kutoa taswira yenye manufaa zaidi ya mara 230 hivi, na isitoshe kamera haijali ukuzaji bali urefu wa fokasi na kiasi cha mwanga kinachoingia. Ukiifunga 600D kwenye fokasi ya milimita 900, picha itachukua eneo la anga lisilofika digrii moja na nusu kwa upana, ilhali nebula ya Carina peke yake ina takriban digrii mbili na Wingu Kubwa la Magellan lina kama kumi. Vyote viwili havitaenea.

Tatizo la pili ni mwendo wa anga. Karibu na ikweta ya anga (mstari ulio juu ya ikweta ya dunia) nyota husogea sekunde za tao 15 (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii) kila sekunde ya saa, na kwa fokasi hiyo kila pikseli (nukta ya picha) ya kamera yako inabeba takriban sekunde moja ya tao, maana yake nyota itakuwa imevuka pikseli 15 kabla hujamaliza kutamka jina lake. Stendi zinazouzwa pamoja na darubini za bei hiyo hutikisika hata kwa upepo mdogo, na upepo wa Dodoma unaujua mwenyewe.

Tafuta lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la mwanga ni kubwa) iliyotumika, pamoja na stendi ya kamera iliyo nzito. Ibane hadi f/2.8 ili nyota za pembeni zisivurugike, weka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600, piga picha 200 za sekunde nne nne katika mfumo wa RAW (data ghafi ya kamera), kisha funika lenzi na upige nyingine 20 za giza kwa mpangilio uleule, za kuondolea chenga za kamera. Programu za kompyuta za Siril na DeepSkyStacker, ambazo zote ni za bure, zitazirundika ziwe picha moja.

Seremala_Anga:
Naunga mkono, na ninaongeza kwamba salio litumike kuifanya kamera ifuate anga. Mwombe fundi seremala mbao mbili zilizoungwa kwa bawaba imara upande mmoja, kisha apitishe bolti ya M6 (unene wa milimita 6), ambayo nyuzi zake zina nafasi ya milimita moja, katika umbali wa milimita 229 kutoka katikati ya bawaba. Ukiizungusha bolti mzunguko mmoja kwa dakika, ubao wa juu utafunguka kwa kasi ileile ya anga, na kwa lenzi ya milimita 50 utaweza kuacha kamera wazi kwa dakika nzima au mbili.

Sasa hapa ndipo maelekezo ya Ulaya yanapotupoteza. Wao hulenga mhimili wa bawaba kwenye nyota ya kaskazini, ambayo Dodoma haionekani, na ncha ya kusini ya anga (mahali ambapo nyota za kusini huonekana kuzunguka) kwetu iko digrii sita tu juu ya upeo, ndani ya vumbi. Kwa hiyo bawaba yako italala karibu mlalo, ikielekea kusini na kuinuka digrii sita, kipimo ambacho simu inaweza kukupatia. Kusini halisi ipate mchana: ning'iniza uzi wenye jiwe, angalia kwenye Stellarium (programu ya ramani ya anga) dakika ambayo jua linavuka mstari wa kaskazini-kusini, kisha chora kivuli cha uzi huo. Kuanzia Juni hadi Agosti kivuli hicho huangukia kusini, hivyo kinakuonesha mahali pa kulenga.

Nahodha_wa_Pwani:
Kwa nini tumchoshe ndugu yetu na mbao? Darubini ya kidijitali ya Seestar S50 ilipotoka mwaka 2023 iliuzwa kwa takriban dola 500, na inalenga, inafuata na kurundika yenyewe. Angoje, aongeze akiba.

Seremala_Anga:
Ni kifaa kizuri, sikatai, lakini kwa usafiri na ushuru ni zaidi ya mara mbili ya fedha alizonazo, na eneo lake la picha ni kama digrii 1.3 kwa 0.7, kwa hiyo Wingu la Magellan atalipata kwa vipande. Angekuwa anataka nebula ndogondogo ningekubaliana nawe.

Mkazi_wa_Kati:
Nimeelewa, darubini naiacha. Je, wakati nikitafuta hiyo lenzi ya 50 nianze na hii ya 18-55, na nianzie wapi?

Lenzi_Kuukuu:
Anza nayo leo, kwenye milimita 18 na f/3.5, sekunde 15. Carina iwahi jioni za Mei, kwani baada ya hapo huzama mapema. Kitovu cha Njia ya Maziwa huwa juu kabisa saa sita usiku mwishoni mwa Juni. Wingu la Magellan lisubiri alfajiri za Septemba. Fokasi usiiachie kamera: elekeza kwenye nyota angavu ya Alpha Centauri, kuza picha kwenye skrini ya nyuma ya kamera mara kumi, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha ibandike kwa selotepu. Ukishapata ya 50, tafuta na ya zamani ya milimita 135 yenye nyuzi za M42 (za kufungia kwa kuzungusha, kipenyo milimita 42), ambayo kwa adapta ndogo inakaa kwenye Canon bila shida.