Fungate kwa pointi za kadi na maili za ndege: naomba ushauri kabla ya Ijumaa

Mtarajiwa

Wakuu, habarini za muda huu. Harusi yetu imebakiza miezi kumi na moja na suala la fungate ndilo linaloninyima usingizi. Tumekubaliana na mchumba wangu kwamba safari hii hatuikopei. Pointi zisipotosha, tutapunguza siku.

Tulichonacho: mimi nina pointi 84,000 za kadi ya benki, zile unazoweza kuzihamishia kwenye mashirika ya ndege au hoteli. Mwenzangu ana Avios 31,000 (hizi ni pointi za ndege, kama maili) alizokusanya kwenye safari za kikazi, pamoja na pointi kama 60,000 za hoteli za Hilton. Ndoto yetu ni Maldives, usiku 5. Likizo zetu zinaweza kusogea siku 3 au 4 tu.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza, malipo ya ukumbi, mavazi na mpiga picha yanakaribia, na benki nyingine inatoa kadi mpya yenye zawadi ya pointi 50,000 ukifikisha matumizi fulani ndani ya miezi 3. Niichukue? La pili ndilo la haraka. Benki yangu imetangaza kwamba nikihamisha pointi kwenda Avios kabla ya Ijumaa napata nyongeza ya asilimia 25. Mimi nataka nihamishe zote. Mwenzangu anasema tusubiri, na jana tumeshinda tukibishana. Nani yuko sahihi?

Nanga

Hongereni sana, dada. Kwa hilo la pili, mwenzako yuko sahihi, na nasema hivyo kwa uchungu.

Mwaka wetu wa harusi niliona tangazo kama hilo nikahamisha kila kitu usiku uleule. Asubuhi nikaingia kutafuta viti: kwa tarehe zetu kulikuwa na kiti kimoja. Kimoja! Nikapiga simu benki, nikaambiwa pointi zikishatoka hazirudi. Shirika la ndege nalo likaniambia nijaribu tarehe nyingine. Tukaenda fungate miezi saba baada ya harusi. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja, lakini mimi sijasahau.

Kwa hiyo leo usiku, kabla ya kugusa pointi, kaeni wote wawili mtafute viti. Andika abiria 2 tangu mwanzo, usitafute kwa mtu mmoja, maana viti vya pointi hutolewa vichache na viwili vya pamoja ni adimu zaidi. Muda mnao: mashirika mengi hufungua tarehe karibu mwaka mzima kabla ya safari, British Airways kwa mfano siku 355. Mkiviona, hamisheni saa hiyohiyo, na mhamishe kile kinachopungua tu. Tuseme mnahitaji Avios 70,000 kwenye akaunti yako: kwa nyongeza ya asilimia 25, pointi 56,000 za benki zinatosha, na 28,000 zinabaki benki ambako bado zinaweza kwenda popote. Ijumaa ikipita hamjaona viti, iacheni ipite.

Jambo lingine: Avios zinatumika British Airways, Iberia, Aer Lingus, Finnair na Qatar Airways, na unaweza kuzihamisha kutoka programu ya pointi ya shirika moja hadi ya jingine. Qatar Airways inatua Malé, mji mkuu wa Maldives, kutoka Doha, kwa hiyo usiishie kutafuta sehemu moja. Na angalia kodi na tozo kabla ya kushangilia. Tiketi ya pointi si ya bure, kuna fedha taslimu utalipa, na kwenye baadhi ya mashirika tozo hizo ni nzito kiasi kwamba tiketi ya kawaida ya daraja la chini inakaribia kuwa na nafuu.

Mhasibu wa Nyumbani

Nijibu la kadi mpya. Mdogo wangu, swali la kujiuliza ni moja: fedha za ukumbi na mavazi zipo tayari benki, au mnasubiri michango na mishahara ijayo?

Kama zipo, chukua kadi. Lipia vitu ambavyo mngelipia kwa vyovyote, na taarifa ya mwezi ikija lipa deni lote. Kama hazipo, achana nayo kabisa. Chukulia kadi inayotoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na pointi unazopata zina thamani ya asilimia 1 ya matumizi. Deni likilala mwezi mmoja tu, riba imekula mara tatu ya ulichopata. Nimeona wanandoa wanalipia picha za harusi wakati mtoto ameshaanza kutembea.

Pia usiombe kadi leo kama malipo makubwa ni ya mwezi wa tano. Ile miezi 3 huanza kuhesabiwa mapema, mara nyingi tangu kadi inapoidhinishwa. Soma kama kuna ada ya mwaka. Na mpiga picha anayekuongezea asilimia 3 kwa kulipa kwa kadi, mlipe taslimu, isipokuwa malipo yake ndiyo yanakamilisha kiwango cha zawadi.

Kipepeo

Dada, mtu asikusahaulishe hili: JINA. Tiketi iandikwe jina lilivyo kwenye pasipoti utakayosafiri nayo. Rafiki yangu alikatiwa tiketi kwa jina la mume, pasipoti bado ya jina la baba. Alisimama kaunta na hina bado mbichi mikononi, anaonyesha cheti cha ndoa, na mhudumu anatikisa kichwa. Badilisheni pasipoti mkirudi.

Mzee wa Mizigo

Mimi nina wasiwasi na hoteli kuliko ndege. Pointi 60,000 za Hilton kwa usiku 5 Maldives hazifiki, hata kama kuna ule usiku wa tano wa bure wanaopewa wanachama wa ngazi ya Silver kwenda juu. Hoteli za Marriott nazo zina utaratibu huo kwa yeyote anayelipa usiku wote 5 kwa pointi.

Halafu kuna usafiri wa kufika kisiwani. Pointi zinalipia chumba, lakini boti au ile ndege ndogo inayotua majini kwa kawaida mnalipa wenyewe, na kwa watu wawili kwenda na kurudi inauma. Ndege hizo haziruki usiku. Mkitua Malé jioni, mtalala hapo hadi asubuhi na chumba chenu cha kisiwani kinawasubiri kitupu.

Ushauri wangu: gawanyeni. Usiku 3 kaeni kisiwa cha wenyeji kama Maafushi, kuna nyumba za wageni za kawaida na boti ya kasi inafika. Mjue tu kwamba ni kisiwa cha Waislamu, pombe hakuna na ufukwe wa mavazi ya kuogelea umetengwa. Usiku 2 za mwisho nendeni hoteli ya ndoto, iliyo karibu na Malé ili mfike kwa boti.

Mtarajiwa

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Mhasibu, fedha za ukumbi zipo, za mavazi bado, kwa hiyo kadi nitaiombea ukumbi peke yake kama unafikisha kiwango. Kipepeo, nimeshtuka, tayari nilikuwa nimejisajili kwa jina la ukoo wa mchumba wangu kwenye programu mpya ya ndege! Nimeanza kulirekebisha leo.

Tumekaa jana usiku hadi saa saba. Viti viwili vya kwenda vimeonekana, siku moja baada ya tuliyotaka, vinatua asubuhi. Vya kurudi bado. Nanga, nikate vya kwenda kwanza?

Nanga

Soma masharti ya kufuta kwanza. Kama Avios zinarudi kwa ada ndogo, kata vya kwenda leo, na hamisha za hivyo tu. Unaweza kumkatia mwenzako kutoka akaunti yako. Mkikata kila mtu kwa akaunti yake mtakuwa na namba mbili za safari, piga simu waziunganishe mkae pamoja. Vya kurudi viangalieni kila asubuhi, watu wanafuta na viti vinarudi. Na mwambie shemeji nimempa pole kwa ubishi wa juzi.